Ndoo Kichwani, Umeme Misulini



Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanamfahamu samaki mmoja ambaye hashikwi ovyo. Ni aina ya kambare, mnene, asiye na magamba, na ukimgusa akiwa hai anakupiga umeme mpaka mkono unakufa ganzi. Umeme ule unatoka kwenye tabaka la nyama lililo chini ya ngozi yake. Wataalamu wanasema asili ya tabaka hilo ni msuli, ila umebadilika kazi.

Nimeanza na kambare huyo kwa sababu wengi wetu tukiambiwa kwamba hata sisi binadamu tunatoa umeme tunapoinua jembe au kupiga mpira, tunadhani ni mzaha. Si mzaha. Kila ubongo unapoagiza msuli ujikaze, agizo hupita katika mishipa ya fahamu, na msuli wenyewe hutoa umeme kidogo kabla ya kuvuta mfupa. Ni kidogo kweli. Betri moja ya redio yako ina volti moja na nusu. Umeme wa msuli unaofika juu ya ngozi kwa kawaida haufikii hata sehemu moja ya mia ya volti. Kambare anautumia wake kama silaha; wetu unapita kimya, na mwenye mwili hana habari.

Lakini unaweza kupimwa. Mtaliano Luigi Galvani aliandika mwaka 1791 jinsi mguu wa chura aliyekufa ulivyoruka ulipoguswa na umeme. Mwaka 1849, huko Berlin, Emil du Bois-Reymond alionyesha kwamba mtu akikaza mkono kwa hiari yake, umeme wa misuli yake unaweza kuonekana kwenye chombo. Leo kipimo hicho kinaitwa elektromiografia, na kile kinachofanyika juu ya ngozi hakihitaji sindano wala kisu.

Kinafanyikaje? Ngozi husafishwa vizuri, na mara nyingi vinyweleo hunyolewa. Kisha hubandikwa vibandiko viwili vidogo juu ya tumbo la msuli, vikiachana kama sentimita mbili. Kibandiko cha tatu huwekwa mahali penye mfupa ili kiwe cha kulinganishia. Umeme ule hukuzwa mara mamia au maelfu, kama redio inavyokuza mawimbi hafifu yaliyotoka mbali, na hatimaye huonekana kwenye kioo cha kompyuta kama mistari inayopanda na kushuka. Siku hizi vipo vifaa visivyo na waya, mtu anaweza kuvivaa akakimbia uwanjani.

Katika michezo kipimo hiki kinajibu maswali ambayo macho ya mwalimu hayawezi kuyajibu. Ni msuli gani unaanza kazi kwanza mchezaji anapopiga mpira? Je, mguu uliovunjika mwaka jana umerudia nguvu zake, au mwenzake ndio unaoubebea kazi? Mwaka 2013 ilitolewa taarifa ya utafiti juu ya wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha dunia, waliofungwa vibandiko kwenye mashavu ya miguu huku wakiruka papo kwa papo. Ilionekana kwamba misuli yao hujiandaa kabla mguu haujagusa ardhi, na baada ya hapo haiongezi kazi sana kama ya watu wa kawaida. Kano yao ya kisigino, ambayo ni ndefu, hufanya kazi ya mpira unaovutika na kurudi.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuondoke uwanjani twende Mabamba, wilayani Kibondo, karibu na mpaka wetu na Burundi. Nchi ile ni ya milima na mabonde. Maji yako chini, nyumba ziko juu. Alfajiri utamwona mama anapandisha kilima, ngata kichwani, ndoo ya lita ishirini juu ya ngata, mtoto mgongoni, mikono yote miwili huru, shingo imenyooka kama nguzo. Hamwagi hata tone. Kama huo si mchezo unaohitaji mazoezi, basi sijui mchezo ni nini.

Wataalamu nao walishangaa. Mwaka 1986, Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitangaza matokeo ya kupima pumzi za akina mama wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walitembea kwenye mashine wakiwa na mizigo, huku hewa wanayoitumia ikipimwa. Jibu lilistaajabisha dunia. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mama haukuongeza matumizi ya hewa hata kidogo. Askari waliopimwa wakiwa na mzigo wa kiasi hicho mgongoni, matumizi yao yaliongezeka. Mwaka 1995 ilielezwa sababu: mwili wa mama huyo hubembea kama timazi la saa ya ukutani, na nguvu ya hatua moja hurudishwa katika hatua inayofuata kwa ustadi kuliko mtu asiyezoea.

Habari hiyo ilienea. Ilisemwa kwamba mwanamke wa Kiafrika anabeba mzigo bure. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana sifa nyingine ni kamba ya kumfungia mtu kwenye kazi.

Tufanye hesabu ya dukani. Mama mwenye kilo 55, asilimia 20 ya uzito wake ni kilo 11. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini za maji, bado ndoo yenyewe. Kwa hiyo ile "bure" inaishia karibu na nusu ya ndoo. Nusu ya juu inalipiwa. Binti wa darasa la tano mwenye kilo 35, bure yake inaishia kwenye kilo 7. Na wanawake waliopimwa walikuwa wamezoea kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi. Isitoshe, walitembea mahali tambarare, si kwenye kilima cha utelezi baada ya mvua ya masika.

Kuna jambo la pili, na hapa ndipo kipimo cha umeme kinapohitajika. Kupima pumzi ni sawa na kusoma jumla ya matumizi ya nyumba nzima kwa mwezi. Jumla hiyo haikuambii kama mtoto mmoja alilala njaa. Misuli ya shingo ni midogo ikilinganishwa na ya mapaja. Hata ikifanya kazi ya kupindukia, hewa inayotumia ni kidogo mno kuonekana katika jumla ya mwili mzima. Lakini kibandiko kikiwekwa juu ya msuli wa shingo au wa bega, chenyewe hakiulizi jumla. Kinauliza: wewe hapa, unafanya nini? Msuli ukikazwa mfululizo bila kupumzika, hata kwa nguvu ndogo, damu hupita kwa shida na uchovu huingia. Uchovu huo una alama zake kwenye mashine: mistari hukua, na mitetemo yake hupungua kasi. Mwenye mwili anaweza kuwa bado anatabasamu.

Na tusikitukuze chombo kupita kiasi. Ukubwa wa umeme si sawa na ukubwa wa nguvu. Jasho, mafuta ya chini ya ngozi na umeme wa msuli wa jirani vyote vinaweza kupotosha habari, na misuli iliyo ndani kabisa haifikiwi na kibandiko cha juu ya ngozi. Ndiyo maana mtaalamu kwanza humtaka mtu akaze msuli kwa nguvu zake zote, kisha kazi ya kawaida huilinganisha na kipeo hicho. Bila hivyo, kulinganisha mama wa Mabamba na mama wa Morogoro ni kulinganisha debe na pishi.

Mwaka 2010 watafiti wengine walitoa taarifa juu ya wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini. Wao hawakuiona ile bure kwa wastani; wapo waliobeba kwa nafuu kubwa, wapo waliolipa gharama kamili. Uchunguzi mwingine huko huko Afrika Kusini umewasikia wachota maji wakilalamikia shingo na mgongo. Haishangazi. Mama zetu wamekuwa wakisema hivyo siku zote, ila maumivu ya mtu asiyekaa kitandani hayahesabiwi kuwa ugonjwa.

Kuna msemo ambao umetumika sana katika kampeni za maji nchini: kumtua mama ndoo kichwani. Ni msemo mzuri. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa kila mtu kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Haya, tupige hesabu tena. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 150, yaani ndoo saba na nusu. Safari nane kwenda na kurudi, hata sera ikitimizwa barabara, ni zaidi ya kilomita sita kwa siku, nusu yake ukiwa na mzigo. Kwa hiyo bomba likifika mita 400, tushukuru, lakini tusiseme ndoo imeshatuliwa. Imesogezwa tu.

Na wewe unayenunua gazeti mjini, usidhani habari hii inawahusu Waha wa milimani peke yao. Nenda Kariakoo umtazame mchukuzi anayetwishwa gunia. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 mkataba wa uzito wa juu wa mizigo, na pendekezo lililoambatana nao lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Sisi tunagombana juu ya lumbesa kwa sababu linamwibia mkulima, na ni kweli linamwibia. Lakini hata gunia halali la kilo 100 ni karibu mara mbili ya kiwango hicho, na mgongo unaolipandisha kwenye lori hauko kwenye mizani ya mtu yeyote. Mababu wa wachukuzi hawa, wapagazi waliotembea kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, kwa kawaida walibeba kama kilo thelathini tu, na bado wengi walianguka njiani.

Ninaomba nini basi? Kwanza, vyuo vyetu vinavyofundisha madaktari na wataalamu wa viungo vipeleke vibandiko hivyo bondeni Mabamba na sokoni Kariakoo, visiishie kwa wanariadha. Mwanariadha hukimbia kwa miaka michache akastaafu, mama hastaafu. Pili, wakati tunasubiri vipimo, tusimtwishe binti wa shule ndoo iliyojaa. Mpe ndoo ndogo. Tatu, kina baba, baiskeli inayopeleka ndizi gulioni inaweza pia kushuka bondeni kuleta madumu mawili ya maji. Haitapungukiwa na heshima, wala wewe.

Msuli una namna yake ya kusema. Unasema kwa sauti ndogo mno, chini ya sehemu moja ya mia ya volti, na bila chombo cha kuikuza hatuisikii. Lakini mama anayeshika shingo yake jioni na kuomba apakwe dawa ya kuchua anasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Huyo hahitaji mashine ili asikiwe.