Maleba Makubwa Baada ya Maonyesho: Tuyatunze, Tuyafumue au Tuyaage?

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha walimu wa michezo na utamaduni, viongozi wa vikundi vya ngoma na watendaji wa kata



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo halimo katika ratiba ya sherehe yoyote. Ratiba zetu huonyesha saa ya kupokea mgeni rasmi, saa ya maandamano, saa ya hotuba na saa ya kufunga. Hazionyeshi saa ya kuamua tembo aliyekuja kwa maandamano atalala wapi usiku huo. Maonyesho ya Nanenane yakifungwa tarehe 8 Agosti katika viwanja vya Ngongo, Lindi, mabanda hubomolewa, mbegu na miche hugawiwa, na kila mtu hupanda gari arejee kwao. Lile bibo kubwa la korosho lililopita jukwaani likapigiwa makofi huwa mzigo usio na mwenyewe.

Kwa neno maleba nakusudia mavazi ya maonyesho. Leo sizungumzii kanga, vibwebwe na njuga, ambavyo hufuliwa, hukunjwa na kurudi sandukuni. Nazungumzia maleba makubwa tunayoyatengeneza kwa mikono yetu, kwa fito za mianzi, waya, maboksi, sponji ya magodoro na viroba, kiasi kwamba mtu huingia ndani yake akatembea nayo. Shule zetu huyatengeneza kwa ajili ya Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, na Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni. Vikundi huyatengeneza kwa Nanenane na kwa mapokezi ya Mwenge wa Uhuru. Ni kazi njema, nayo ina haki ya kumalizwa vyema.

Ndugu washiriki, maleba haya huishia pahala patatu. Pa kwanza ni stoo ya shule au ofisi ya mwalimu mkuu. Huko mchwa hupanda kutoka sakafuni wakala maboksi, bungua hutoboa mianzi, na panya hujenga ndani ya sponji. Pa pili ni nje, chini ya mwembe. Kuanzia Agosti hadi mvua zianze, jua la kwetu hukausha viroba hadi vikawa vipande vidogo vidogo vinavyopeperushwa na upepo kuelekea mashambani na visimani. Mvua zikianza mwezi Novemba au Desemba, kila kichwa chenye uwazi na kila bomba lililokatwa hushika maji. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, huhitaji maji kidogo tu, na katika hali ya joto yai lake huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Hatupendi maleba ya watoto wetu yawe mazalio yake.

Pa tatu, napo ndipo pabaya kuliko pote, ni motoni. Tembo wa maboksi na sponji humwagiwa mafuta ya taa nyuma ya madarasa, kiberiti kikawashwa, na wanafunzi wakasimama kutazama. Tuelewe kinachoungua hapo. Sponji ya magodoro hutoa gesi ya kaboni monoksaidi pamoja na sianidi ya hidrojeni, ambazo zote ni sumu. Mabomba ya plastiki ya PVC hutoa kloridi ya hidrojeni, gesi inayochoma macho na koo, na yanapoungua kwa moto hafifu wa uwanjani huzalisha pia dioksini, sumu inayodumu muda mrefu katika udongo na katika mafuta ya miili ya wanyama. Mtoto mwenye pumu akivuta moshi huo hana kinga yoyote.

Nimekwisha kusikia hoja kwamba kuchoma maleba ni mila ya Kiafrika. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, ila imekatwa nusu. Jirani zetu Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji wana Gule Wamkulu, ngoma kuu, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 na kuiingiza katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika mwaka 2008. Ndani ya ngoma hiyo hutoka maumbo makubwa ya wanyama, yanayobebwa na watu waliofichika ndani, na shughuli ikiisha maumbo hayo huchomwa. Lakini wenyewe huyasuka kwa mianzi, nyasi na maganda ya mahindi. Kilichotoka shambani hurudi shambani kikiwa jivu. Zaidi ya hayo, moto ule ni sehemu ya utaratibu wenyewe: mtengenezaji anajua mwisho wa kazi yake siku anapokata ufito wa kwanza. Sisi tumechukua kiberiti cha Wachewa tukaacha nyasi zao, na tukaacha pia ule ujuzi wa kupanga mwisho kabla ya mwanzo.

Hapa Kusini tuna funzo la upande wa pili. Barakoa za mapiko za Wamakonde huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa pamoja na nguo inayofunika mwili wote, na baada ya ngoma huwekwa na wanaostahili kuziweka. Barakoa ina mwangalizi wake, na kwa sababu hiyo hudumu. Naomba nitahadharishe papo hapo: vitu vya jando na unyago vina wenyewe na vina miiko yake. Halmashauri haina mamlaka ya kuamua vihifadhiwe wapi au vionyeshwe kwa nani. Ninachojifunza kutoka kwa mapiko ni kanuni moja tu, kwamba kitu chenye mlinzi anayejulikana hakiozi chini ya mwembe.

Kutokana na mifano hiyo miwili, neno langu la leo ni hili: mwisho wa maleba huamuliwa siku ya kuyatengeneza. Siku ya kufunga maonyesho watu wamechoka, gari lina haraka, na uamuzi wowote unaofanyika hapo huwa ni wa kutupa. Napendekeza kila shule na kila kikundi, kabla ya kukata boksi la kwanza, kijibu maswali manne.

Swali la kwanza: ni mali ya nani? Anayeagiza maleba, iwe idara, shule, chama cha ushirika au mfadhili, ndiye anayebeba wajibu wa mwisho wake. Si haki kuagiza tembo kwa ajili ya jukwaa kisha kumwachia mwalimu mmoja mzoga wake. Gharama ya kuyarudisha na kuyafumua iingizwe katika makisio ya sherehe, kama tunavyoingiza maji ya kunywa na usafiri.

Swali la pili: je, yanapita mlangoni? Mlango wa darasa kwa kawaida huwa na upana wa karibu sentimita 90 na kimo cha karibu mita 2. Pimeni mlango kabla ya kupima kichwa. Umbo linalozidi hapo litengenezwe kwa vipande: kichwa peke yake, kiwiliwili peke yake, miguu peke yake.

Swali la tatu: je, yanafumuka? Viungo vifungwe kwa kamba ya katani au mpira wa tairi badala ya kumwagiwa gundi. Ngozi ya nje ishonwe kama foronya, ivuliwe ikafuliwe. Anayefunga kwa kamba hupata tena mianzi yake, waya wake na kitambaa chake. Anayegandisha kila kitu kwa gundi hupata taka moja kubwa isiyofaa kitu.

Swali la nne: ni ya mara ngapi? Kama ni ya siku moja, yatengenezwe kwa vitu vinavyooza: makuti, ukindu, maganda ya mahindi, nyasi na mianzi. Kama ni ya miaka mitatu, yapewe kitambaa imara, stoo kavu yenye chaga za kuyainua kutoka sakafuni, na mtu aliyeandikwa jina kuwa mlinzi wake.

Kwa maleba ambayo tayari tunayo, njia ni tatu. Yaliyo mazima yaazimishwe. Shule iliyotengeneza samaki kwa ajili ya Nanenane inaweza kumwazima jirani yake kwa Siku ya Mazingira, na Afisa Utamaduni akaweka daftari la maleba ya wilaya nzima. Yaliyochakaa yafumuliwe, kila kitu kiende pake: mianzi kwenye uzio wa bustani, vitambaa kwa fundi, waya kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maboksi makavu yasiyo na rangi kwa wakusanyaji wa karatasi au kwenye shimo la mboji. Sponji safi na kavu ijaze mito. Sponji iliyoloa na kuota ukungu, pamoja na plastiki iliyovunjika, ipelekwe kwenye kizimba cha taka, isichomwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, hivyo mwananchi anayetoa taarifa kwa mtendaji wake kwamba ana mzigo mkubwa hajatuletea usumbufu. Ametusaidia kutimiza wajibu wetu.

Njia ya tatu ni kuaga. Mtoto aliyekaa majuma kadhaa akibandika manyoya ya kanga mmoja mmoja, kisha akaikuta kazi yake imetupwa nyuma ya choo cha shule, amefundishwa somo ambalo halimo katika muhtasari: kwamba jasho lake lilikuwa la kumfurahisha mgeni rasmi tu. Somo hilo hudumu kuliko makofi. Kwa hiyo, kabla ya kufumua, wapigwe picha waliotengeneza wakiwa na kazi yao. Vipimo na namna ya kutengeneza viandikwe. Majina ya watoto yabaki katika kumbukumbu za shule. Kisha wafumue wao wenyewe, pamoja na mwalimu wao, wakijua kila kipande kinakwenda wapi. Mtoto anayefumua kwa mkono wake hujifunza jinsi kitu kilivyosimama, na mwakani hutengeneza kilicho bora zaidi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kikao hiki kikubaliane juu ya jambo moja dogo. Kuanzia msimu ujao, kila kikundi kinachoomba nafasi ya kuonyesha maleba makubwa kilete karatasi ya ukurasa mmoja yenye majibu ya maswali manne niliyoyataja, na mtendaji wa kata aipokee pamoja na orodha ya washiriki. Kazi hiyo haihitaji fedha wala kamati mpya. Inahitaji tu kwamba tunapouliza "tutaonyesha nini?", tuulize pia "kesho yake kitakuwa wapi?"