Elimu ya Vilindi vya Bahari ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, sisi tukaao Handeni na Korogwe hatuioni bahari tuamkapo. Pengine twauliza: wataalamu wanatafuta nini vilindini, hali huku juu yako mengi ya kushughulikia? Jawabu limo katika mkoa wetu wenyewe wa Tanga.

Yuko samaki aitwaye silikanti. Wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakakata shauri kwamba alikwisha toweka tangu miaka ipatayo milioni 65. Mwaka 1938 akavuliwa huko Afrika Kusini, na hukumu yao ikatanguka. Miaka mingi baadaye, wavuvi wa Tanga nao wakamkuta katika majarife yao. Na mwaka 2009 Serikali ikaweka Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Qurani Tukufu, katika Sura An-Nur, imepiga mfano wa giza la bahari yenye kina. Katika giza la namna hiyo watafiti waliteremsha kamera, wakaona kwamba samaki huyu hushinda mapangoni, zaidi ya mita 100 chini ya maji. Hatagi mayai, bali huzaa watoto hai. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba aweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba mimba yake huchukua yapata miaka 5. Basi majike wachache wakinaswa, pengo lao halizibiki upesi. Asiyeyajua hayo huharibu naye hadhani kuwa ameharibu.

Hiyo ndiyo faida ya kuchunguza vilindi: mwanadamu hupata kujua mpaka wa elimu yake, na uzito wa amana aliyokabidhiwa.

Wala tusiseme hayo ni ya watu wa pwani. Mto Pangani upitao Korogwe humwaga maji yake katika bahari hiyo hiyo. Udongo wa vilima tulivyovikata miti, na taka tutupazo mitoni, safari yake huishia huko.

Enyi wanafunzi, someni elimu ya viumbe kwa bidii, kwani kumjua kiumbe ni njia ya kumtukuza Muumba. Nasi wazazi tuwasaidie.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuitunza amana yake. Amin.