MANTIKI NI MIZANI: TUWARUHUSU VIJANA WETU WAISOME NA WAIFUNDISHE

(Mhadhara uliotolewa Mwera, Wilaya ya Pangani)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazee wetu na ndugu zetu katika imani, tumeulizwa: kijana wetu akitaka kusomea mantiki ili aje kuifundisha chuo kikuu, tumruhusu? Wapo wanaoihofia dini yake, na wapo wanaoihofia riziki yake.

Hofu ya dini ina asili. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H/1328) aliandika kitabu kizima cha kuwarudi wanamantiki. Lakini tuzingatie: hakuwarudi kwa kutowajua, aliwasoma kwanza. Kabla yake, Imam Ghazali (aliyefariki 505 H/1111) alianza kwa utangulizi wa mantiki katika Al-Mustasfa, kitabu chake cha usuli wa fiqhi. Naye Al-Akhdari, mtunzi wa Sullam, alizitaja kauli tatu za wanazuoni, akaipa nguvu ile inayomruhusu mwenye akili timamu aliyekwisha kubobea katika Kitabu na Sunna. Sharti hilo ndilo letu.

Tutazame manufaa. Kila kilevi ni haramu. Gongo ni kilevi. Basi gongo ni haramu. Hoja hii imesimama. Lakini mara ngapi tumesikia barazani: wanafiki huiona nzito sala ya alfajiri, fulani haonekani msikitini alfajiri, basi fulani ni mnafiki! Huenda yuko baharini na nyavu zake, au anauguza mzazi. Hoja imevunjika, na heshima ya Muislamu imevunjwa nayo. Hukumu za namna hii ndizo zinazotugawa misikitini.

Ama riziki, njia ni ndefu: shahada ya kwanza kwa ufaulu wa juu, kisha umahiri, kisha uzamivu, na nafasi ni chache. Hata hivyo, falsafa inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Waislamu tunacho chuo kikuu chetu Morogoro. Anayefundisha mantiki huwaandaa walimu na wanasheria wa kesho.

Basi tumsimamishe kijana kwanza katika Qur'ani na Sunna, kisha tumchangie ada na nauli, tumuage kwa dua. Qur'ani Tukufu inawataka wenye madai walete hoja zao (2:111). Umma usioandaa wajuzi wa hoja utahukumiwa kwa hoja za wengine.

Wabillahi tawfiq.