Kodi Katika Kikapu cha Maskini

Ndugu wanamageuzi, nanyi waumini wenzetu,

Sisi tulioishi Kansas, Marekani, tuliijua siasa ya jimbo lile dukani kabla ya kuijua bungeni. Bei ya mkate iliandikwa kwenye rafu, lakini tulipofika kwa keshia tulitakiwa kutoa zaidi. Tulidhani tumepunjwa. Kumbe risiti ilieleza yote: bei ya mkate, kisha kodi ya mauzo katika mstari wake.

Tukaanza kuuliza. Mwaka 2012 jimbo lilipunguza kodi ya mapato, na nafuu kubwa ikawaendea matajiri. Hazina ikapungukiwa. Mwaka 2015 kodi ya mauzo ikapandishwa kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, wala chakula hakikusazwa.

Tufanye hesabu. Mwenye mapato ya dola 2,000 kwa mwezi, akinunua chakula cha dola 400, alitozwa dola 26, yaani asilimia 1.3 ya mapato yake. Mwenye dola 20,000, hata akila cha dola 800, alitozwa dola 52, yaani asilimia 0.26 tu. Kiwango ni kimoja, lakini mzigo si mmoja, kwa maana tajiri hana matumbo kumi.

Nasi wageni tulilipa bila kuwa na kura. Wenyeji waliokuwa nayo hawakunyamaza. Sheria ya mwaka 2022 iliishusha kodi ya jimbo juu ya chakula hadi asilimia 4 mwaka 2023, kisha 2 mwaka 2024, na tarehe 1 Januari 2025 ikafutwa. Kodi za kaunti na miji zingalipo, kazi haijakwisha.

Hapa kwetu bei ya dukani huwa tayari imebeba kodi ya ongezeko la thamani, na mnunuzi huilipa bila kuhisi. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka mkate utozwe asilimia 16. Umma ukapaza sauti, na tarehe 18 Juni pendekezo hilo likaondolewa. Tarehe 25 vijana waliandamana kuupinga mswada wenyewe, na baadhi yao wakauawa. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Tusiwasahau waliolipa kwa damu.

Waumini mnamkumbuka Rehoboamu. Watu walimwomba awapunguzie nira. Akawapuuza wazee, akaiongeza. Makabila kumi yakamwacha.

Kwa hiyo twawasihi: someni risiti zenu. Kila mwaka mswada wa fedha utolewapo, uchambueni vikundini na makanisani kabla haujapitishwa. Na kila anayeomba kura mwaka 2027 aulizwe mbele ya watu: je, utatoza kodi unga na mkate wa maskini?

Ugenini tulilipa bila kura. Nyumbani kura tunayo. Tusiiuze kwa pakiti ya unga.

Mungu awabariki.