Mshairi wa Jamaika, Mtoto wa Fundi Cherehani



Leo tunazungumza juu ya Bibi Lorna Goodison wa Jamaika. Jamaika ni kisiwa cha bahari ya Karibiani, huko ng'ambo ya Atlantiki. Wengi wa wenyeji wake ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani kulima miwa. Utumwa ulikwisha kabisa huko tarehe 1 Agosti, 1838. Na Lorna alizaliwa siku kama hiyo, 1 Agosti, mwaka 1947, mjini Kingston.

Kwao walikuwa watoto tisa. Mama yao, Doris, alikuwa fundi wa kushona nguo. Yeye alitoka shamba, kijiji cha Harvey River, na watoto walikua wakisikia habari za kijiji hicho.

Lorna kwanza alisomea kuchora, Kingston na halafu New York. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1980. Brashi hakuitupa: majalada ya vitabu vyake vingi yana picha za mkono wake mwenyewe.

Sasa lipo jambo la lugha. Shuleni Jamaika hufundishwa Kiingereza. Lakini nyumbani na sokoni watu wanasema lugha yao, yenye maneno mengi ya Kiingereza na mengine ya Afrika Magharibi. Waliosoma waliidharau, eti ni Kiingereza kibovu. Basi mshairi afanyeje? Akiandika cha shule tu, sauti ya mama yake itapotea. Louise Bennett, aliyefariki mwaka 2006, alitangulia kuandika kwa lugha hiyo ya watu. Lorna anazichanganya zote mbili: mara maneno ya kitabuni, mara ya sokoni, katika shairi lile lile.

Kitabu chake kimoja jina lake maana yake ni "Ninakuwa Mama Yangu". Kilipata tuzo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1986. Mwaka 2017 akawa mshairi wa taifa la Jamaika, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Miaka mingi pia alifundisha Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

Lakini sisi tunakipenda zaidi kile cha mwaka 2007. Humo ameandika maisha ya mama yake na jamaa zake wa Harvey River. Hawakuwa magavana wala majemadari, na bado kitabu kizima ni chao.

Haya, ndugu, tuanze maswali.