Majoho Yetu ya Zamani Yamekuwa Mablanketi



Tulipopata sare mpya za yubilei, majoho yetu ya samawati yalibaki kabatini. Mengine yalikuwa yamechanika kwapani, lakini migongo ilikuwa mizima. Akina mama wa sauti ya pili wakapendekeza tuyakate, tuyachanganye na mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi wa sokoni, tushone mablanketi ya watoto wachanga. Baridi ya Julai mnaijua, na wapo wazazi wanaotoka wodini mtoto akiwa amefungwa leso moja tu.

Hatukukubaliana mara moja. Wapo waliosema joho la kumwimbia Mungu halikatwi kwa mkasi. Wengine waliuliza kwa nini mhitaji apelekewe viraka. Swali hilo lilikuwa zito, maana kwetu kiraka ni aibu, na mtoto mwenye kiraka huchekwa shuleni. Sisi tulilijibu kwa haraka mno.

Mablanketi manne ya kwanza tuliyashona mbiombio, tukayapeleka, tukapiga na picha. Wiki mbili baadaye muuguzi mmoja alituletea moja likiwa ndani ya mfuko. Lilikuwa limefuliwa mara moja tu. Vitenge vilikuwa vimechuja rangi na kunywea, poliesta ya majoho imebaki vilevile, na mishono imejikunja na kufumuka. Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu.

Tulianza upya. Siku hizi kila kitambaa kinafuliwa kabla ya kukatwa, na kinachoendelea kuchuja tunakiacha. Tunapimia kadibodi ya inchi 6 kwa 6. Mshono unakula nusu inchi kila upande, kwa hivyo kinabaki kipande cha inchi 5. Vipande 6 kwa upana na 8 kwa urefu, yaani 48, vinatoa blanketi la inchi 30 kwa 40. Tunaunga safu moja moja, tunapiga pasi (ya moto mdogo, poliesta huungua!), kisha tunaunganisha safu. Katikati tunatia blanketi kuukuu lililofuliwa, na nyuma bitana laini. Pembe za vipande zinapokutana tunapitisha uzi na kufunga fundo mara mbili, ili matabaka yasihame. Vifungo hatuweki, mtoto asije akameza. Tukimaliza, tunalifua tena na kulivuta. Likifumuka, halitoki.

Sauti ya nne mlisema cherehani si kazi yenu. Leo wawili wenu ndio wanaokata vipande vilivyonyooka kuliko vyetu sote, na tumewasamehe kuchelewa mazoezini.

Joho moja hatujalikata. Lilikuwa la mwenzetu aliyetangulia mbele za haki, na mkewe, ambaye bado anaimba nasi, alisema hayuko tayari. Linaning'inia kabatini hadi atakapoamua, na hatutamuuliza tena.

Kapu la vitambaa liko mlangoni. Leteni pamba safi, hata kama ni shuka la zamani. Tunashona Alhamisi baada ya mazoezi, na asiyejua kushika sindano atafundishwa. Mablanketi 11 ya kupeleka wiki ijayo yametandazwa kwenye benchi za nyuma. Mkitoka, yageuzeni mtazame mishono, na msiogope kuivuta.