Sindano Kwenye Kovu

Msikilizaji, kovu la upasuaji au la moto haliishii kwenye ngozi. Chini yake nyuzi za kolajeni hurundikana na kushikamana na tabaka za ndani, ndiyo maana aliyeungua kiwikoni huweza kushindwa kunyoosha mkono hata kidonda kikishapona. Akupancha, tiba ya sindano nyembamba kutoka China, hutumiwa kuzunguka makovu ya namna hiyo, na sababu ya kuisikiliza ipo: Helene Langevin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, walionyesha kwamba sindano ikizungushwa, nyuzi za tishu huizonga na kuvutika, na katika tishu za panya, seli zinazotengeneza nyuzi hizo hubadilika umbo.

Atakayepinga atasema panya si mgonjwa. Kweli kabisa. Tena taarifa nyingi kuhusu makovu ni za wagonjwa wachache, bila kundi la kulinganisha, na kovu lenyewe huendelea kulainika kwa mwaka au zaidi hata bila tiba. Hoja hizo zinaipunguzia sindano sifa, lakini haziiondolei nafasi: iwe nyongeza ya mazoezi ya fizioterapia, si mbadala wake. Mwenye keloidi, yaani kovu nene lililovimba kupita mipaka ya jeraha (na watu wenye asili ya Afrika huzipata zaidi), asichomwe kabla ya kumwona daktari wa ngozi, kwani jeraha jipya huweza kuikuza. Kidonda kibichi kisiguswe. Sindano iwe mpya, itumike mara moja tu.